Nenosiri lililoandikwa ukutani: kisa cha Wi-Fi ya nyumba moja Makulu

Nyumba yenyewe iko Dodoma Makulu, upande ambao vyumba vya kupanga vimeota kila kona tangu chuo kikuu kianze mwaka 2007 na watumishi wa Serikali waanze kuhamia jijini. Mbele kuna nyumba kubwa ya familia. Nyuma, ndani ya ukuta uleule, kuna safu ya vyumba sita, vingi vimepangwa na wanafunzi. Upande wa barabarani mama mwenye nyumba ana kibanda cha uwakala wa fedha. Intaneti ya wote hawa inatoka kwenye rauta moja ya laini, ile ya kuchomeka kadi ya simu, iliyowekwa kwenye dirisha la sebuleni. Kifurushi ni cha mwezi, kasi yake haizidi 20 Mbps (megabiti kwa sekunde), na analipa mama peke yake.

Lalamiko lilikuwa moja. Mchana mtandao uko sawa, lakini ikifika saa moja jioni unakwama. Mtoto wa kidato cha nne hawezi kufungua video ya somo, na televisheni inazunguka tu. Mama alishapiga simu kwa mtoa huduma akaambiwa laini haina shida. Alishaita fundi pia, akaficha jina la Wi-Fi na kuzuia simu kadhaa asizozitambua. Wiki iliyofuata hali ikarudi ilivyokuwa. Niliposhika kazi hii, mama alikuwa ameshakata shauri. "Mwanangu, hii rauta imechoka. Nataka ile yenye antena nyingi."

Antena nyingi zisingemsaidia, na hili lilionekana mapema. Jioni, wakati wa kukwama kwenyewe, nilizima Wi-Fi yote kwenye rauta, nikaunganisha kompyuta kwa kebo na kupima. Kasi ikasoma 17 Mbps. Nikawasha Wi-Fi, nikasubiri vifaa virudi, nikapima tena kwa kebo ileile: chini ya 2. Kwa hiyo laini ilikuwa nzima na rauta ilikuwa nzima. Kulikuwa na watu wanaokula kifurushi. Kipimo hiki hakina gharama, na kinapaswa kufanywa kabla ya mtu kutoa shilingi kununua kifaa kipya. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu dukani kila tatizo la Wi-Fi lina jibu lenye bei.

Nilifungua ukurasa wa rauta kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Vilikuwa 34. Tukakaa na mama na mumewe tukahesabu vya kwao kimoja kimoja: simu zao wawili, simu za watoto, kompyuta mpakato ya baba, tableti ya mdogo, televisheni, kirekodi cha kamera za ulinzi, na simu ya kazi ya kibandani. Tisa kwa jumla. Baba akauliza kama hivyo 25 vingine ni vya wezi. Havikuwa vya wezi, angalau si kwa maana aliyoifikiria. Majina ya simu yanasomeka kwenye orodha, na mengi yalikuwa ya watu wanaowasalimia kila asubuhi.

Waliingiaje? Hapa ndipo kisa kilipo.

Nenosiri la Wi-Fi lilikuwa namba ya simu ya kibanda. Baba aliiweka hiyo siku rauta ilipofika, kwa sababu kila mtu nyumbani anaijua kwa kichwa. Namba hiyohiyo imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta mweupe wa kibanda, tarakimu kubwa za kusomeka ukiwa ng'ambo ya barabara, ili wateja wasiipoteze. Anayesimama hapo kusubiri bodaboda anaona jina la Wi-Fi lenye jina la familia kwenye simu yake, anainua macho, na nenosiri liko mbele yake.

Tuseme lisingekuwa ukutani. Namba ya simu bado ni nenosiri baya, na sababu yake ni hesabu. Simu yako inapojiunga na Wi-Fi ya WPA2, mfumo wa ulinzi unaotumiwa na rauta nyingi, kuna mabadilishano mafupi ya ujumbe kati yake na rauta. Aliye karibu anaweza kuyanasa hewani, akaenda nayo nyumbani, akakaa anakisia nenosiri kwenye kompyuta yake bila rauta kujua chochote. Kadi ya michoro ya kompyuta ya michezo inafanya majaribio laki mbili na zaidi kwa sekunde. Namba zetu za simu zina tarakimu kumi na zinaanza na 06 au 07, kwa hiyo zinabaki tarakimu nane za kukisia. Hizo ni namba milioni 200 kwa ujumla. Zinaisha ndani ya nusu saa. Chukua badala yake maneno matano yasiyohusiana, uliyoyaokota kwa kufumba macho kwenye kamusi ya maneno 5,000: kadi ileile ingehitaji zaidi ya miaka laki moja. WPA2 inapokea nenosiri la herufi 8 mpaka 63, nafasi ipo ya kutosha. Na maneno matano ya Kiswahili ni rahisi kukumbuka kuliko zile herufi za kuchanganya na alama za kushangaa, ambazo mwisho wake ni kubandikwa kwenye karatasi juu ya friji.

Mlango wa pili ulikuwa kitufe cha WPS. Kimewekwa ili kifaa kijiunge bila kuandika nenosiri, ama kwa kubonyeza ama kwa PIN ya tarakimu nane iliyochapwa kwenye kibandiko chini ya rauta. Desemba 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba PIN ile ni dhaifu mno. Rauta inathibitisha tarakimu nne za mwanzo peke yake, kisha zilizobaki, na ya mwisho kabisa ni ya kukagua hesabu tu. Badala ya majaribio milioni mia, anayekisia anahitaji 11,000 yasiyozidi. Rauta nyingi za baadaye zimewekewa kizuizi baada ya majaribio machache, lakini sijawahi kuona nyumba ambayo ilipoteza kitu kwa kuzima WPS. Nikaizima. Kitufe chenyewe hakikuhitaji mtafiti: rauta iko dirishani, na kijana mmoja wa uani alikiri kwamba alikibonyeza alipoingia sebuleni kulipa kodi.

Mlango wa tatu ndio mpana kuliko yote, nao hauna kosa la mtu yeyote. Tangu Android 10, iliyotoka 2019, simu inaweza kuonyesha nenosiri la Wi-Fi kama msimbo wa QR ili mwingine apige picha na kuingia. Mama alimpa mpangaji mmoja, binti anayesomea ualimu, kwa sababu alikuwa na mtihani. Binti akampa wa chumba cha pili. Wa chumba cha pili akatembelewa na wenzake wa darasani. Hakuna aliyehisi anaiba. Ukipewa maji uani, mgeni wako akiomba maji utamnyima?

Kuhusu kazi ya fundi aliyenitangulia, naieleza kwa sababu mbinu zake zinarudiwa kila mahali. Jina la Wi-Fi lililofichwa halijifichi. Simu zilizowahi kuunganishwa huliita kwa jina zinapolitafuta, na programu za bure za kukagua mawimbi hulinasa. Orodha ya kuzuia simu nayo imepoteza nguvu. Inategemea anwani ya kifaa, ile MAC, lakini simu za Android 10 na kuendelea, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, hutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao. Uliyemzuia akienda kwenye mipangilio na kuchagua anwani halisi ya simu, anarudi kama mgeni mpya. Kwenye orodha ile ya 34 simu moja ilionekana mara mbili kwa sababu hiyohiyo. Fundi alifanya kazi ya kweli, ila nenosiri lenyewe aliliacha vilevile.

Kilichokuwa nyuma ya mlango

Mpaka hapo tulikuwa tunazungumzia kasi, na nadhani tungeishia kwenye kasi kama nisingeuliza kuhusu kirekodi cha kamera.

Kamera ziko nne: getini, uani, sebuleni, na moja juu ya kaunta ya kibanda. Hiyo ya kibanda iliwekwa baada ya mteja kubishana juu ya noti. Inatazama droo ya fedha na meza anapoegemea mteja. Kwa ruhusa ya mama nilichukua simu yangu, nikajiunga na Wi-Fi kwa ile namba ya ukutani, nikaandika anwani ya kirekodi kwenye kivinjari. Ukurasa ukaniomba jina na nenosiri. Nikaandika admin na 123456, kama vilivyotoka kiwandani. Kaunta ikajaa kwenye kioo cha simu. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, na aliona droo yake iko wazi, mabunda ya elfu kumi yakiwa yamefungwa mpira, na mteja akibonyeza namba yake ya siri. Alininyang'anya simu akamwita mumewe kwa sauti.

Haya ndiyo ninayotaka mwenye nyumba yeyote ayaelewe kuliko habari ya kasi. Anayepata nenosiri la Wi-Fi hapati intaneti peke yake. Anaingia kwenye chumba kimoja na kila kifaa chako: kirekodi, printa, televisheni, kompyuta yenye folda ulizozifungua ili watoto wachukue filamu, na ukurasa wa rauta wenyewe. Anaweza asiguse kitu. Lakini kinachomzuia ni tabia yake, na wewe hujui simu ya rafiki wa rafiki yake imebeba programu gani.

Vifaa vyenye nenosiri la kiwandani vina historia. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilizunguka duniani kikijaribu orodha ya majina na manenosiri ya kiwandani yapatayo 60 tu, na kwa orodha hiyo fupi kikateka kamera, virekodi na rauta kwa malaki. Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikiwaelekeza watumiaji kwenye tovuti nyingi kwa majina yake, na mitandao mikubwa kama Twitter na Netflix ikawa haifunguki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo hawakujua lolote. Waliona tu intaneti yao nzito.

Kuna na upande wa jina. Vifaa vyote 34 vilikuwa vinatoka nje kwa anwani moja ya laini moja, na laini hiyo imesajiliwa kwa alama za vidole za mama. Mgeni wa mpangaji akitumia Wi-Fi hiyo kumtapeli mtu, wa kwanza kuulizwa ni mama. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamkataza mtu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, kwa hiyo kijana ambaye angefungua kirekodi kile kwa udadisi angekuwa amejiingiza pabaya. Sikupenda kuitumia sheria hiyo kama fimbo ya kuwatishia wapangaji, na mama alikubaliana nami. Hawa ni watu anaoishi nao.

Kugawa badala ya kufunga

Njia fupi ilikuwa kubadili nenosiri usiku ule na kunyamaza. Sikuipendekeza. Ndani ya wiki moja binti wa ualimu angekuja kuomba tena, mama angempa tena, na msimbo wa QR ungezunguka tena. Nyumba ya wapangaji haiwezi kulindwa kwa kukataa. Nenosiri ambalo litatolewa lazima liwe la mtandao ambao hauna kitu cha kupoteza, na mtandao wenye vitu vyako uwe na nenosiri ambalo halitolewi kabisa.

Rauta ile ilikuwa na kipengele cha mtandao wa wageni. Kwa nyumba nyingi hiki kinatosha: unakiwasha, unakipa jina lake na nenosiri lake, umemaliza. Ila usiamini jina la kipengele. Jiunge kwa wageni na simu yako, kisha jaribu kufungua kifaa cha ndani. Nilipojaribu hapa, kirekodi kilifunguka kama kawaida. Kwenye rauta hiyo mtandao wa wageni ulibadilisha jina na nenosiri tu, lakini chumba kilikuwa kilekile.

Tukaingia gharama ya rauta ya pili, ndogo, isiyo ya laini. Mpangilio wake unawachanganya mafundi wengi, kwa hiyo niueleze polepole. Mazoea ni kuchukua rauta ya pili, kuichomeka kwenye ya kwanza kwa kebo, na kuwapa wapangaji hiyo ya pili. Huo ni mpangilio wa kinyume. Aliye nyuma ya rauta ya pili anapita ndani ya mtandao wa rauta ya kwanza ili atoke nje, na njiani anaweza kuvifikia vifaa vilivyoko huko. Unayetaka kumlinda ndiye anayepaswa kukaa nyuma. Rauta ya laini, iliyo nje, tukawapa wapangaji. Rauta mpya ikaingia ndani, kebo kutoka kwenye ya kwanza ikachomekwa kwenye tundu lake la intaneti, na nyuma yake tukaweka simu za familia, televisheni na kirekodi. Mpangaji akijaribu kuingia ndani anakutana na rauta ya pili ambayo haipokei chochote ambacho haikukiomba.

Kuna mtego mmoja hapo. Rauta zote mbili zilitoka kiwandani na anwani 192.168.1.1, na zikibaki hivyo haziwezi kufanya kazi pamoja. Ya ndani nikaipa 192.168.10.1. Nikabadili manenosiri ya kurasa za mipangilio kwenye zote mbili, tofauti na ya Wi-Fi, kwa sababu wapangaji sasa wanaufikia ukurasa wa ile ya nje. Nikazima usimamizi wa mbali. Nikakagua anwani za DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake, kama hazijaguswa, maana anayezibadili anaweza kukupeleka kwenye ukurasa bandia. Hazikuwa zimeguswa. Masasisho ya programu ya rauta ya nje yalikuwa yamesubiri muda mrefu, nikayaweka. Ya ndani inakubali WPA3, mfumo uliotangazwa 2018 ambao unazuia ule ukisiaji wa nyumbani niliousema, lakini televisheni ni ya zamani na haiufahamu. Nikaweka hali ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, na kwa hali hiyo nenosiri refu linabaki kuwa la lazima.

Mahali pa rauta pia palibadilika kidogo. Ya laini inahitaji dirisha ili ione mnara, ikabaki dirishani ila juu, ambapo mgeni hafikii kitufe. Ya ndani ikakaa ukumbini, katikati ya vyumba. Kuta za tofali za saruji zinameza mawimbi, hasa ya 5 GHz, kwa hiyo vyumba vya mwisho vinatumia 2.4 GHz. Chaneli ya 2.4 niliihamishia 11, kwa sababu jirani wawili walikuwa wamejazana kwenye 6.

Kisha mama akawaita wapangaji uani, Jumapili mchana. Aliwaambia mambo yalivyo, bila kumtaja mtu. Wanachangia LUKU ya uani kila mwezi, na akapendekeza Wi-Fi iende hivyohivyo: kila chumba shilingi 5,000, nenosiri jipya kila tarehe moja, na kila kifaa kikomo cha 3 Mbps ambacho kinatosha video ya kawaida. Kijana wa kitufe akauliza, "Mama, na mgeni wangu akija?" Mama akamjibu kwamba mgeni wake ni mgeni wa mtandao wa uani, ampe, ila mwisho wa mwezi nenosiri linaisha. Nikaongeza kwamba tumewasha utenganisho wa vifaa, hivyo simu ya chumba kimoja haiioni ya chumba kingine. Hilo liliwafurahisha mabinti kuliko suala la kasi. Mmoja akanyoosha kidole kwenye kamera ya uani na kuuliza kama inaona mlango wake. Ilikuwa inauona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu hata wanaorekodi wengine kwa kamera, lakini hatukuhitaji kufika huko. Baba alichukua ngazi akaigeuza itazame ukuta wa nyuma na tangi la maji.

Jioni ileile familia ilipima 12 Mbps ndani, na video ya kidato cha nne ikafunguka.

Kilichobaki ni kirekodi. Nenosiri lake limebadilishwa, lakini mtengenezaji ameacha kutoa masasisho ya modeli hiyo, na kifaa cha namna hiyo sikiruhusu kuwasiliana na nje. Nilikifungia intaneti kwenye rauta ya ndani. Kinarekodi na kinaonekana kwenye televisheni ya sebuleni, ila mama hawezi tena kuangalia kibanda kwenye simu akiwa Kongwa kwa wazazi wake. Hakufurahi, na ana haki, maana kibanda ndicho kinachosomesha watoto. Nilimpa chaguo mbili: kukifungulia na kubeba hatari hiyo, au kuweka akiba ya kirekodi kipya ambacho bado kinapata masasisho. Amechagua cha pili, na michango ya uani ndiyo inayotunzwa kwa kazi hiyo.